Barua ya wazi kwa wenye The Exorcist: mtuachie shaka yetu

Kwenu wakuu wa kampuni za filamu za Universal, Blumhouse na Morgan Creek, na kwako mwongozaji, ndugu Mike Flanagan, uliyeachiwa mzigo huu,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Nimeona niandike mapema, maana huko kwenu filamu ikishatangazwa tarehe hakuna wa kuisogeza, labda Taylor Swift. Mwaka 2023 The Exorcist: Believer, mwendelezo wa ile filamu maarufu ya pepo, ilikuwa iingie kumbini Ijumaa tarehe 13 Oktoba, mkaivuta hadi tarehe 6 kwa kuwa filamu ya ziara yake ilikuwa inatoka siku ileile. Shetani akampisha mwanamuziki. Huku tulicheka sana. Kisha tukaiona filamu yenyewe, na tangu hapo tunabishana: barazani, saluni, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ambalo kazi yake rasmi ni michango ya misiba.

Kwa ambao hawakufuatilia: filamu ya kwanza ilitoka Marekani tarehe 26 Desemba 1973. William Friedkin aliiongoza, William Peter Blatty akaandika mswada kutokana na riwaya yake ya mwaka 1971. Regan, binti wa miaka 12, anaingiwa na pepo kwenye nyumba ya kupanga mtaa wa Georgetown, Washington, na mama yake, Chris MacNeil, mwigizaji asiye na dini, anaishia kubisha hodi kwa mapadri. Ilitajwa kuwania tuzo 10 za Oscar, ikachukua mbili, na ndiyo filamu ya kwanza ya kutisha kuwania ile ya Filamu Bora. Nusu karne baadaye, magazeti ya kwenu yakaandika kwamba mmetoa zaidi ya dola milioni 400 kupata haki ya filamu tatu mpya. Imetoka moja. David Gordon Green aliyeiongoza aliondoka mapema mwaka 2024, ya pili iliyopangwa Aprili 2025 ikafutwa kwenye kalenda, na Mei 2024 akatangazwa Flanagan kuongoza nyingine.

Sisemi milango haikulipa. Believer inatajwa kugharimu dola milioni 30 na kuingiza karibu milioni 137 dunia nzima. Watu walikwenda. Shida ni walivyotoka: wahakiki waliiponda, na watazamaji wa Marekani waliohojiwa na CinemaScore wakaipa alama ya C, yaani wastani wa kumuonea mtu huruma.

Najua mlifikaje hapo. Green huyohuyo mwaka 2018 aliifufua Halloween, akamrudisha Jamie Lee Curtis, akaifuta miendelezo yote ya katikati kama vile haikuwahi kupigwa, na ikavuna zaidi ya dola milioni 250. Mkadhani dawa imepatikana. Lakini Michael Myers, muuaji wa Halloween, ni mtu mwenye kisu. Mrudishie kisu na barakoa yake, nusu ya kazi imekwisha. Pepo hana barakoa. Pepo anaishi ndani ya kutojua kwa wale waliomzunguka mgonjwa. Ni maradhi? Ni hasira ya mtoto ambaye wazazi wake wameachana? Anaigiza? Au ni kweli? Mkiiondoa shaka hiyo, mmebaki na msichana aliyepakwa rangi usoni anayetukana wakubwa, na hao hata mitaani tunao.

Mara ya kwanza niliiona The Exorcist kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, magunia madirishani, na mtafsiri mwenye kipaza sauti akiweka Kiswahili chake juu ya Kiingereza. Waliokulia kwenye vibanda wanaijua kazi ya mtafsiri: hanyamazi. Akikosa la kutafsiri anatunga, anamtania mwigizaji, anatangaza filamu ya kesho. Siku hiyo alimtania hadi pepo, akampachika jina la mgambo wa soko letu, kibanda kizima kikaangua kicheko. Kisha likaja lile tukio la hospitali. Regan amelazwa chali, shingo inapakwa dawa, sindano inaingia, damu inaruka ghafla, halafu mtambo unaanza kugonga, gu, gu, gu, mtoto anatetemeka peke yake na watu wazima wako nyuma ya kioo. Hakuna pepo pale. Hakuna muziki. Mtafsiri akashusha kipaza. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Basi jamani, mwacheni mtoto," kwa sauti ya mtu aliyewahi kulala wodini na mgonjwa wake.

Hapo ndipo filamu ile iliponinasa, na nimewasikia wengi wakisema hivyohivyo. Matapishi ya kijani na shingo inayozunguka vilitufurahisha, ndiyo, tulikuwa vijana. Kilichotukosesha usingizi ni huyo mama anayezunguka kwa madaktari na mtoto wake, kila mmoja ana jina jipya la ugonjwa, mpaka madaktari wenyewe, wasioamini chochote, wanamshauri ajaribu mapadri, kwa hesabu kwamba mgonjwa akiamini ametolewa pepo huenda akapona. Kwa mtu wa huku hiyo si hadithi ya kubuni. Ni Jumanne ya kawaida kwenye familia yenye mgonjwa asiyeeleweka.

Believer nayo ilianza hivyo, na nitaisifu pale inapostahili. Mabinti wawili, Angela na Katherine, wanaingia msituni, wanapotea siku tatu, wanakutwa kwenye banda maili 30 kutoka kwao, nyayo zimeungua, na wenyewe wanadhani wamepotea saa chache tu. Kipande hicho kimetulia. Leslie Odom Jr. kama baba mjane anaigiza kwa macho zaidi ya mdomo, na yule binti Lidya Jewett anatisha hata akiwa amekaa kimya. Shemeji yangu, muuguzi, mtu mgumu kuridhika na hospitali za kwenye filamu, alisema hapo walipatia. Halafu mkakimbia. Ghafla kila mtu anajua ni pepo. Jirani anajua, wazazi wanajua, mchungaji anajua, na sisi tulioketi tumebaki kusubiri kelele zianze.

Nirudi 1973 kidogo kwenye chumba cha Regan. Padri Karras ni daktari wa akili, imani yake imelegea, mama yake amekufa peke yake kule New York. Anaingia na kichupa, anamwambia pepo kwamba ni maji ya baraka, anamnyunyizia. Regan anajinyonganyonga kitandani na kupiga mayowe kwamba yanamuunguza. Baadaye Karras anamweleza Chris: yale yalikuwa maji ya bomba. Na kwake yeye padri, hilo ni pigo kwa hoja ya pepo, si ushindi.

Tukio hilo nililitazama na shangazi yangu, katekista wa miaka mingi, aliyeona watu wengi wakianguka kwenye maombezi kuliko padri yeyote wa Hollywood. Alijipiga kiganja gotini. "Huyu ndiye padri! Wa kwetu angeshaita kamera." Shangazi anaamini mapepo yapo, asikudanganye mtu. Lakini kwa kuwa anaamini, anadai uthibitisho. Asiyeamini ndiye anayemeza lolote analoonyeshwa.

Hilo ndilo ambalo nadhani mmelikosea kuhusu watazamaji wa upande wetu, na pengine kuhusu watazamaji wote wenye dini. Mnafikiri sisi ni wepesi kuogopa kwa kuwa tayari tunaamini. Ni kinyume. Mwambao huu umejaa watu waliowahi kuhudhuria ngoma ya pepo. Unguja kuna kibuki, pepo wa asili ya Bukini, yaani Madagaska, anayepanda kichwani kwa mtu akidai brandi. Mwaka 1995 Pemba nzima ililala nje kwa hofu ya Popobawa, yule pepo aliyesemekana kuvamia watu usiku. Muislamu mwenye jini anasomewa, Mkristo anakemewa, na asiyetaka kujulikana anakwenda usiku kwa mganga. Kote huko, swali la kwanza kwa anayezungumza kwa kinywa cha mgonjwa ni lilelile: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Ni mahojiano. Karras aliyafanya, akaleta na kinasa sauti, akaipeleka kanda kwa mtaalamu wa lugha, akaambiwa ni Kiingereza kinachosemwa kinyumenyume. Katika Believer ni kama hakuna aliyekuwa na muda wa kumhoji mgeni. Shangazi alitazama hadi mwisho, akauliza: "Sasa huyu alitumwa na nani?" Sikuwa na la kumjibu.

Badala ya mahojiano, mkatuletea kamati. Yupo mchungaji wa Kibaptisti, yupo mhubiri wa Kipentekoste, yupo muuguzi aliyetaka kuwa mtawa, yupo mama wa dawa za mizizi, na padri anachungulia kutoka garini. Wote sebuleni, viti vimepangwa, mabinti wawili wamefungwa katikati. Nia naielewa, hata nzuri: imani zote zishirikiane. Ila kilichotokea kinafanana na kikao cha harusi, kila mjumbe anasubiri zamu yake ya kuchangia, na hakuna anayemkatalia mwenzake. Nawaambieni kutoka kwenye nyumba zenye imani zaidi ya moja: watu hawa hawakai hivyo. Mama anampeleka mtoto kwa mganga mchungaji asijue. Baba anamficha shehe hirizi. Bibi anachoma ubani asubuhi watu wakishatoka kwenda ibadani. Msisimko wote uko kwenye kufichana, na kwenye hofu kwamba mtoto akifa kila mmoja atasema aliyemuua ni dawa ya mwenzake. Mlikuwa na hazina hiyo mikononi mkaigeuza mkutano wa maridhiano. Na kwa kuwa mlialika wote, shehe mlimsahau vipi, ilhali filamu ya 1973 inafunguka kwa adhana, jua likiwa juu ya Iraki?

Suala la ruhusa ya askofu nalo mmelipita mbiombio. Kanisa Katoliki haliruhusu padri kutoa pepo anavyotaka. Lazima askofu wa jimbo atoe idhini. Katika Believer jimbo linakataa, padri anasikitika, basi. Mngeuliza Lusaka. Askofu Mkuu wa huko, Emmanuel Milingo, alijaza watu kwa maombezi ya uponyaji na kutoa mapepo, akaitwa Roma mwaka 1982, na mwaka uliofuata akauachia uaskofu mkuu. Waumini walilia, wengine walishukuru, na ubishi ule haujaisha mpaka leo. Mvutano kati ya mgonjwa anayetaka msaada leo na ofisi inayotaka vyeti vya daktari kwanza unatosha filamu nzima, na katika huo hakuna upande mjinga.

Halafu Chris MacNeil. Ellen Burstyn, anayemwigiza, alikuwa anakaribia miaka 90. Mwenyewe alisimulia kwamba alikataa, mkaongeza dau maradufu, akaona pesa hiyo itasomesha waigizaji wachanga, akakubali. Heko kwake, hilo ndilo jambo jema kuliko yote lililotokana na filamu hii. Lakini mlimfanyia nini? Mkamleta kama mtaalamu aliyeandika kitabu, mkampa sentensi ya kuwasema mapadri kwamba hawakumruhusu chumbani kwa sababu ya mfumo wao wa kiume, kisha dakika chache baadaye mtoto anamchoma macho kwa msalaba na anabaki kitandani hadi filamu inaisha. Ubishi wa kundi la ukoo ulichemkia hapa. Mabinti walisema sentensi ile ina haki yake. Wakubwa wakasema mapadri wawili walikufa kwa ajili ya mwanaye, mmoja akajirusha dirishani na pepo akiwa naye, na mama wa aina ya Chris asingewataja hivyo. Mimi niko na wakubwa, ingawa kwangu kosa ni jingine: mlimwita mama mtu mzima mlango wa mbele, mkamtoa wa uani. Huku kwetu hata mgeni asiyetakiwa hupewa chai.

Wapo walioipenda, nisiwafiche. Mpwa wangu wa chuo aliiona Believer kwanza, ile ya 1973 baadaye, na ya zamani ilimletea usingizi. "Anko, saa nzima watu wanazungumza tu." Rafiki zake wanakubaliana naye. Lile jambo la mwisho, pepo kuwataka wazazi wachague mtoto mmoja aishi, liliwashika kooni, hasa baba wa Katherine alipolitaja jina la mwanaye na ikawa ndiye anayechukuliwa. Nakubali lina makali. Lakini nilipomuuliza mpwa wiki zilizofuata nini kimebaki kichwani, alinisimulia maji ya bomba.

Sasa Afrika. Katika filamu ya kwanza sisi ni sentensi tu: mapadri wanazungumza kuhusu mzee Merrin, padri anayeitwa kumtoa pepo Regan, mmoja anasema aliwahi kutoa pepo Afrika miaka kumi na zaidi nyuma, lilichukua miezi, karibu limuue. Hawaelezi zaidi. Sentensi hiyo ilinitisha kuliko kichwa kinachozunguka, kwa kuwa nilijaza mwenyewe: wapi, kwa nani, kijiji kipi, akaondoka akiwaacha watu wa pale na nini?

Miaka 30 baadaye, wenye haki wakaamua kutujazia. Paul Schrader akapiga filamu nzima, ikawekwa kabatini. Renny Harlin akaajiriwa kuipiga upya, ikatoka mwaka 2004. Ile ya Schrader nayo ikatolewa mwaka 2005. Filamu mbili kufafanua sentensi moja. Zote zimewekwa Turkana enzi za mkoloni, kanisa la kale limefukiwa mchangani, Waingereza wana bunduki, wenyeji wana mikuki. Na Turkana yenyewe ilipigwa wapi? Moroko, na studio za Cinecittà, Roma. Katika ile ya Schrader, kijana mlemavu wa huko, Cheche, ameigizwa na Billy Crawford, mwimbaji kutoka Ufilipino. Simlaumu yeye, kazi ni kazi. Nawalaumu waliokaa mezani wakaona inatosha.

Kisa si hasira ya mwenye nyumba pekee. Ni ileile shida ya maelezo. Sentensi ilikuwa na pepo ndani yake. Filamu mbili zikamtoa. Na Believer ikarudia kwa namna nyingine, ikaanza na Haiti na tetemeko la mwaka 2010, msiba wa watu halisi ambao makaburi yao yapo, likatumika kama chanzo cha siri ya baba mmoja wa Georgia. Mwanamke wa Kihaiti anambariki mtoto tumboni, kisha hatumwoni tena. Kila pepo wenu akihitaji mahali pa kuzaliwa, mnanunua tiketi ya kwenda kwa watu weusi, mnaokota laana, mnarudi nayo Marekani ikatibiwe. Tumechoka kuwa ghala.

Ndugu Flanagan, kwako nina matumaini, na si ya kujipendekeza. Ile tamthilia yako ya Midnight Mass ya mwaka 2021 tuliitazama nyumba nzima. Unajua kumwacha padri azungumze dakika kumi bila mlango kubamizwa. Sherifu, yaani yule mkuu wa polisi Muislamu kisiwani, ulimpa hoja zake na heshima yake. Nimesikia umempata Scarlett Johansson. Jina kubwa si neno, mradi aruhusiwe kuchoka kama mama anayeuguza. Mpe madaktari wazuri, wenye adabu, wanaoshindwa. Mpe ndugu wanaobishana jikoni kwa sauti ya chini. Mpe padri anayeomba vyeti. Pepo achelewe, na akifika aseme uongo mmoja ambao hatutaujua kuwa ni uongo hadi tumefika nyumbani.

Na kama hadithi itapita tena Afrika, msije na kisingizio cha barabara. Mwaka uleule wa 2005 ilitoka The Constant Gardener, iliyopigwa Kibera na Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana lenyewe, na wenyeji wakiwemo mbele ya kamera. Lodwar kuna uwanja wa ndege. Waigizaji wapo, wakalimani wapo, mapadri wa kuwasahihisha wapo, na shangazi yangu yuko tayari kusoma mswada bila malipo, ila ameomba uletwe kwa maandishi makubwa.

Wasalaam,
Mtazamaji wenu, Tanga